Picha Zisizotoka Nyumbani

Watu huniuliza wingu langu liko wapi. Nikiwaambia kwamba naendesha huduma ya wingu, ya kuwahifadhia watu faili zao za kompyuta, hapa hapa mjini Lamu, huinua macho juu, wakanitazama tena, wakacheka. Basi huwapandisha ngazi, nikawapitisha misana miwili, zile kumbi ndefu za nyumba zetu, nikawafungulia mlango wa chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya shangazi yangu. Humo mna kabati la chuma, betri zilizopangwa chini, na taa ndogo za kijani zinazopepesa. "Ndilo hili?" huuliza. Ndilo hili. Wengine huvunjika moyo waziwazi, na mimi hufurahi kuwaona wakivunjika moyo, kwa sababu hapo ndipo huanza kuuliza maswali ya maana.

Chumba hicho ndimo alimozaliwa babangu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, na hakina dirisha la kutazama njiani, kwa hivyo jua haliingii na joto huchelewa kufika. Nilipokuwa nafanya kazi ya kompyuta Mombasa nilikuwa nikikikumbuka kila nilipoingia kwenye chumba chetu cha seva, ambacho mashine za baridi zilinguruma mchana kutwa kukipoza. Nikawa najiuliza: na kile cha kwetu, kilichopozwa na mawe tangu enzi za mababu, kwa nini kikae na magodoro mabovu na ndoo zilizotoboka?

Niliporudi nyumbani ndipo nilipojua hasa chumba kile kitafaa kwa kazi gani. Hapa kwetu mtandao wa nje huja na kuondoka upendavyo, kama mgeni asiye na adabu. Zahanati ikituma faili za wagonjwa kwenye mashine iliyoko ng'ambo, siku wanayoihitaji faili ndiyo siku mtandao umekatika. Nikaona: tuwe na mashine yetu, karibu, iunganishwe na wateja kwa antena za juu ya mapaa. Wa nje ukikatika, wa ndani uko. Shangazi alinipa chumba kwa sharti moja, nisipige misumari kwenye zidaka, vile vishubaka vya kale vya ukutani. Sijapiga hata mmoja.

Mimi ni mtu wa kudadisi. Nasema hivi kwa sababu kazi yenyewe humtesa mtu wa namna yangu. Naweza kuona kila mteja anaweka mzigo mkubwa kiasi gani na saa ngapi, lakini nilijiwekea sheria tangu mwanzo kwamba faili ya mtu sifungui mpaka mwenyewe aniombe. Sheria nzuri, na inaniuma kila wiki. Kulikuwa na fundi wa injini za mashua ambaye mzigo wake ulizidi wa hoteli ya Kiwayu yenye picha za wageni na ufuko wao. Fundi wa injini anaweka nini kikubwa hivyo? Nilikonda kwa kuwaza. Hatimaye alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa: hurekodi mngurumo wa kila injini inayoletwa kwake, ikiwa mgonjwa na ikishapona, ili ikirudi ajue ugonjwa ni ule ule au ni mpya. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi, na shangazi akadhani nimeposwa.

Madrasa huweka sauti za watoto wakisoma Kurani. Mwalimu mmoja kutoka bara huweka mitihani ya shule na nyimbo za kwaya ya kanisa lake. Vyote hukaa kwenye mashine moja, ubavu kwa ubavu, na sijawahi kusikia vikigombana.

Na kulikuwa na picha za wanawake. Hizi ndizo ninazotaka kuzieleza.

Harusi zetu zina usiku wa wanawake peke yao. Mwanamume hakanyagi. Buibui huvuliwa mlangoni, na siku hizi simu nazo huachwa mlangoni, ndani ya kikapu chenye mlinzi mkali kuliko askari. Wanawake hujipamba, hufungua nywele, hucheza. Anayeruhusiwa kuingia na kamera ni mmoja tu, mwanamke mwenzao anayeaminiwa, na hapa mjini aliyeaminiwa kuliko wote alikuja kwangu asubuhi moja na begi lake la diski za mkononi. Alikuwa amezijaza zote na zilianza kumharibikia kwa chumvi ya hewa.

Hakuniuliza bei. Aliuliza, "Chumbani humu huingia nani?"

"Mimi na shangazi."

"Na mwanamume?"

Nikamwambia nyumba ni ya wanawake wawili, ila kuna fundi ambaye huitwa mashine ikiumwa. Tena nikamweleza, kwa fahari, kwamba kila kitu cha wateja wangu kina nakala ya akiba kwenye mashine ya pili, mbali na hapa, nyumbani kwa fundi huyo huyo kule Wiyoni, ili hata nyumba hii ikipata maafa, kazi za watu zisipotee. Nilidhani atafurahi. Uso ukambadilika.

"Zangu zisende Wiyoni."

Nikajitahidi. Nikamweleza kwamba nakala hufungwa kwa siri, asiye na neno la siri haoni kitu, hata fundi mwenyewe angeona takataka tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hata sanduku liwe na kufuli, dada, mimi siliweki chumbani mwa mwanamume."

Wanawake wale walivua buibui mbele yake, si mbele yangu. Tukakubaliana: picha zake zitakaa kwenye diski mbili ndani ya mashine moja, kila diski nakala ya mwenzake, na hazitatoka nyumbani humu. Nikamwonya kwamba nyumba ikiungua zitaungua zote. Akasema nyumba ikiungua hakuna atakayeulizia picha. Hapo alinishinda.

Miaka ilipita salama. Kisha akaja mwanamke wa Siyu.

Alifika mapema, viatu vikiwa na vumbi la njia ya mguu na sketi ikiwa na maji ya hori, ule mkono wa bahari alikopandia mashua, na shangazi akampandisha juu moja kwa moja, akampa chai kabla ya kumuuliza jina. Alikuwa wa makamo yangu. Ameolewa Siyu, lakini kwao ni hapa mjini. Alieleza shida yake kwa utulivu, akitazama kikombe. Mamake alikuwa amefariki. Mama huyo maisha yake yote hakupenda kupigwa picha, akiona kamera hujifunika leso. Picha pekee aliyokubali ni ya kitambulisho, na kitambulisho kilirudishwa serikalini kifo kilipoandikishwa, bila mtu kukumbuka kukitolea nakala. Nyumba nzima haikuwa na hata picha yake moja. Hivi karibuni ndipo shangazi yake alipomdokeza kwamba usiku wa harusi yake yeye, mama alinaswa kwenye video akicheza vugo, ile ngoma ya kugonga pembe. Yeye mwenyewe hakuona, kwa sababu bibi harusi alikuwa amefichwa juu, anasubiri kutolewa. Video hiyo hakuwahi kuitaka, alichukua picha zake chache akaenda na mumewe. Sasa alikuwa amempigia simu mpiga picha, na mpiga picha amesema: nenda, iko kule, ni haki yako.

"Waitaka uwaonyeshe wanao?" shangazi alimuuliza.

"Naitaka mimi, Bi." Akaweka kikombe chini. "Sauti yake naisikia. Mikono yake naiona, na pete. Lakini uso nikiutafuta wanipotea. Naliamka siku moja nikautafuta, siuoni. Mamangu mzazi. Nimeanza kumsahau uso."

Nilimwonea huruma sana. Lakini nisiseme uongo, pia nilishikwa na ule udadisi wangu usio na haya. Hivi inawezekana? Nikafumba macho pale pale nikautafuta uso wa babangu. Nilipata kofia, nilipata ndevu, nilipata namna alivyokuwa akikunja mdomo akisoma. Uso mzima ulinichukua muda kuukusanya, na sikuwa na hakika kwamba sikuuokota kwenye picha iliyoko ukutani. Nikaogopa, nikafumbua macho haraka.

"Ngoja nikufungulie," nikasema.

Niliketi kwenye kompyuta, nikaandika, nikangoja. Faili haikufunguka. Nikajaribu tena. Kutoka kwenye kabati ulisikika mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia, kama mtu anayegonga meno, na taa moja ya kijani ikageuka rangi ya chungwa. Nikaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa inaunguza. Nikaizima palepale.

"Imekuwaje?" akaniuliza.

"Nachelea imeharibika."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi sirudi Siyu leo," akaenda kukaa kwa jamaa zake mtaa wa pili, na kila baada ya sala akawa anakuja kuuliza.

Fundi wangu ni mtu wa bara, Mkristo, aliyekuja Lamu kwa kazi ya muda na akabaki Wiyoni mpaka ameanza kulalamika samaki wa mahali pengine hawana ladha. Alifika asubuhi ya pili yake, akapiga hodi chini, akangoja kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, mpaka shangazi alipojitanda ushungi, kisha akapanda. Alifungua mashine, akainamisha kichwa, akanusa. Akanusa tena.

"Madam," alisema, "hii kitu mbona inanukia harusi?"

Akaichomoa feni, akanionyesha. Ilikuwa imeganda. Mapanga yake yamepakwa gundi ya rangi ya kahawia, yenye vumbi lililonasa humo, na vitundu vya kupitishia hewa vyote vilikuwa vimeziba kwa kitu hicho hicho. Nikakigusa. Kinanata. Nikakinusa mwenyewe, nikageuka polepole kumtazama shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Shangazi, umefanyani humu?"

"Mimi? Sikufanya kitu. Nafukiza udi tu."

Kumbe kila usiku wa kuamkia Ijumaa, akishafukiza nguo, vitanda na misana, shangazi yangu alikuwa akiingia chumba cha ndani na chetezo chake, akakiweka chini ya kabati, milango ameifunga ili moshi usipotee bure. Tangu lini? Tangu siku ile nilipomwambia, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba madrasa imeleta sauti za watoto. Na si udi mkavu. Ni ule wa kutengeneza, unaopikwa kwa sukari na mafuta mazuri, autengenezao yeye na kuwapa bibi harusi wa mji mzima.

"Mna Kurani humu," alisema, na sasa alikuwa amekasirika, "mna nyuso za wana wa watu, na chumba chanuka unyevu. Nisizifukize?"

"Moshi wa sukari, shangazi! Ndani ya mashine!"

"Kwani zombo hizi zina pua?"

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi. Mimi nilikuwa na hasira na wakati huo huo kicheko kilikuwa kinanipanda, maana ni kweli nilikuwa nikiusikia ule udi kila nikiingia, lakini nyumba hii yote hunukia udi, mpaka maji ya mtungi. Ningeushuku vipi? Mashine ilikuwa inavuta moshi wake, kama mwenyeji yeyote wa humu ndani. Shangazi akakaa kwenye kiti, na hasira ikamtoka ghafla. "Mimi nalitaka zinukie," akasema kwa sauti ndogo. Nikaacha kugomba.

Habari za fundi hazikuwa nzuri. Wateja wengine hawakuwa na shida, nakala zao zilikuwa Wiyoni. Lakini za harusi zilikuwa humu tu. Diski moja ilikuwa imekufa kabisa kwa joto. Ya pili ilikuwa hai kwa tabu. Angeweza kuiunganisha na mashine nyingine na kuisoma kidogo kidogo, akiipumzisha, lakini majina ya faili yamepotea, kwa hivyo kila kitakachotoka kitabidi kifunguliwe kijulikane ni nini. Na haingefaa kungoja, kwa kuwa diski ya namna hiyo inaweza kunyamaza wakati wowote.

"Nitafungua moja moja nione kama zinacheza," akasema.

Mwanamke wa Siyu alikuwa amekwisha kuingia na kusimama karibu na shangazi. Shangazi akauvuta ushungi wake mbele. Fundi akatutazama mmoja mmoja. "Nimesema nini?"

Nikampigia mpiga picha, nikaweka simu wote tusikie. Nikamweleza lote, udi na yote. Aliuliza ni diski ngapi zimebaki. Kisha akasema, "Mwanamume asizitazame. Bora zife."

"Zikifa na ya huyu wa Siyu imekufa," nikamwambia. "Yuko hapa, anakusikia."

"Aniwie radhi. Lakini humo mna wanawake wa mji mzima. Walinivulia buibui mimi. Nitawambiani?"

Nilimgeukia mwanamke wa Siyu, nikitarajia ataomba, atabisha, atalia. "Yuna haki," akasema. "Mamangu naye angalisema vivyo."

Nilitaka kumtikisa, nilitaka kumtikisa mpiga picha, nilitaka kukitupa chetezo cha shangazi chooni. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa tayari kuvunja ahadi yangu, na wenye picha ndio walioishikilia. Bado sijui kama hilo linanisifu au linaniaibisha.

Aliyetutoa hapo ni fundi, tena kwa kushangaa tu. "Kwani nani amesema mimi nahitaji macho?" aliuliza. "Hii diski mimi naisikiliza. Ikianza kusaga, tunasimama, ikitulia, tunaendelea. Kuangalia kwenye skrini hata madam anaweza. Nipeni ukuta niutazame."

Mpiga picha aliuliza maswali yake yote, kwa mpangilio. Uso wake utaelekea wapi? Kioo kipo chumbani? Skrini itang'aa kwenye kabati? Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba shangazi akae katikati. Basi aliyeziharibu akapewa kuzilinda. Kioo kikatolewa. Fundi akawekwa kiti akielekea zidaka za ukutani, diski iko magotini mwake juu ya kitambaa, nyaya zikipita nyuma ya mgongo wake mpaka kwenye kompyuta yangu. Shangazi akaketi kati yetu, akautanda ushungi wake kwa mikono yote miwili kama anayeanika nguo, na akakaa hivyo mpaka mabega yakamuuma, akakataa kupumzishwa.

Tukaanza asubuhi hiyo hiyo. Sijawahi kufanya kazi ya namna ile, na nilikuwa na hamu nayo kuliko nilivyopaswa kuwa. Fundi hunyamaza, kichwa amekiinamisha, mara: "Simama. Iache ipumue." Tunangoja. "Haya, twende." Vitu vikawa vinatoka kwa vipande. Mguu wenye hina. Sinia ya mahamri. Nusu ya uso wa msichana anayecheka, nusu nyingine kijivu kitupu. Vidole vinafunga kikuba cha asumini kifuani. Nyuso nyingine nilizijua: mwanamke ambaye huwa namsalimia sokoni miaka yote, macho tu ndani ya ninja ya kufunika uso, hapa ameachia nywele mpaka kiunoni na ni mzuri wa kukutoa pumzi. Nikamtazama shangazi, shangazi akasema, "Wewe fanya kazi." Kila picha, mwanamke wa Siyu alijongea mbele akatazama, akarudi nyuma. Si harusi yake.

Zikaanza video. Chumba kikajaa pembe na nyimbo na vigelegele. Fundi akainua kichwa, bado anautazama ukuta.

"Hii ngoma naisikia kutoka njiani tangu nifike Lamu," alisema. "Siku zote najiuliza huko ndani wanafanya nini."

"Na utaendelea kuisikia huko huko ndiani," shangazi akamwambia.

Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na diski nayo ikaanza kusaga, akanyamaza haraka.

Baada ya adhuhuri diski ilichoka. Vipumziko vikawa virefu kuliko kazi. Fundi alikuwa ameacha mzaha, na mara mbili alishusha pumzi kwa namna ambayo niliielewa. Mwanamke wa Siyu naye aliielewa. Hakuwa akijongea tena, alikuwa amesimama palepale nyuma ya kiti changu, mkono kwenye bega langu, na sidhani kama alijua umeniuma.

Kisha ukatokea msana wenye mapazia ya kijani.

"Kwetu," akasema. "Ni kwetu hapo."

Ilikuwa video. Nikaiacha icheze. Wanawake wamepanga safu, leso sare, pembe mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia, wanagonga na kuyumba pamoja. Kamera ikapita nyuso moja baada ya nyingine. Sikujua nimtafute yupi. Nikahisi vidole vimelibana bega langu, nikajua.

Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko wenzake, na pengo dogo katikati ya meno ya juu. Hakuwa na ushungi. Alikuwa anaimba na kucheka pamoja, jambo gumu, na kila wenzake walipoyumba kulia yeye alichelewa kidogo, kwa makusudi, halafu akawawahi. Nyuma yangu nikasikia, "Pengo. Pengo lake. Ai, nalilisahau lile pengo." Shangazi alikuwa amegeuza shingo kutazama, lakini mikono bado imetanda.

"Inakaza," fundi akauambia ukuta. "Haina muda. Nisimamishe?"

"Usisimamishe," akajibu mwanamke wa Siyu, si mimi.

Kwenye video, mama yule akaiona kamera. Kicheko kikamtoka usoni. Alitoka kwenye safu, pembe bado mkononi, akaja moja kwa moja mpaka uso wake ukajaa skrini yote, vinyweleo, jasho juu ya mdomo, wanja uliotapakaa pembeni mwa jicho. Sauti ya mpiga picha ikasikika, ya ujana kidogo: "Ni ukumbusho, Bi. Wa mwanao."

"Zima hiyo," mama akasema. Hakukasirika. Alisema kama anayemrekebisha mtu jambo dogo. "Wa nini? Mwanangu yuwaniyua."

Akainua mkono. Kiganja chenye hina kikaja mbele, kikafunika kila kitu, na pembe zikaendelea kugonga gizani kwa muda mfupi. Halafu diski ikanyamaza. Fundi alitikisa kichwa bila kugeuka, akaiweka chini polepole. Haikuamka tena. Lakini kipande kile kilikuwa kimekwisha kuingia kwenye mashine yangu, kizima.

Shangazi ndiye aliyeanza, kwa upole. "Umemsikia mamako, mwanangu."

"Nimemsikia, Bi."

Nikaelewa anachomaanisha shangazi. Mama amekataa, tena kwa mdomo wake, akisema mwanawe anamjua bila ukumbusho, na radhi ya mzazi kwetu si jambo la kuchezea. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi. Faili hiyo ningeweza kuifuta kwa kubonyeza mara moja, na ningefanya hivyo angeniamuru. Nikageuka kumtazama.

Alikuwa ameiinamia skrini, pale kiganja kilipogandia. Akaweka kiganja chake mwenyewe juu yake.

"Niwie radhi, mama," alisema. "Nalikuwa nimekwisha kukusahau."

Kisha akaniambia niirudishe mwanzo.